Matunda na mboga zenye maji mengi kwenye lundo la mboji: ndoo moja, kiroba kimoja

Je, maganda ya tikiti, maembe yaliyooza, nyanya zilizopasuka na mabibo yaliyodondoka chini ya mkorosho yanafaa kuwekwa kwenye lundo la mboji nyumbani? Jibu fupi ni ndiyo, yanafaa. Lakini mtu akiyamwaga tu juu ya lundo kila siku bila kuyafunika, baada ya wiki mbili atakuwa na tope linalonuka, nzi wengi, na jirani anayelalamika. Wengi huishia hapo, wakasema mboji haiwezekani nyumbani, wakarudi kutupa mabaki yao korongoni.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuizuia. Tunaeleza pia hatari moja ambayo wakulima wengi hawaifikirii: tunda lenye funza likiwekwa vibaya kwenye lundo linaweza kuharibu maembe yako na ya majirani msimu unaofuata.

Tunawaandikia hasa wasikilizaji wetu wa Misugusugu na maeneo mengine ya Kibaha na Kisarawe, lakini mkulima yeyote wa ukanda wa Pwani anaweza kuyatumia haya.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwetu

Misugusugu iko kando ya barabara ya Morogoro, katika Mji wa Kibaha. Kwenye barabara hii hupita matunda na mboga nyingi kuelekea Dar es Salaam, na kando yake kuna magenge, mama lishe na wauza juisi. Kila jioni hubaki maganda ya nanasi, ya papai na ya tikiti, majani ya kabichi na nyanya zisizouzika. Ukiingia ndani upande wa Kisarawe kuna mikorosho na miembe. Mwishoni mwa mwaka, korosho zinapookotwa, mabibo hubaki chini kwa wingi. Bibo moja huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho iliyoning'inia chini yake, kwa hiyo mwenye magunia machache ya korosho ana mabibo mengi sana ya kuoza.

Upande wa pili kuna udongo wetu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Pwani ni kichanga. Mvua ikinyesha, maji hupita haraka na kuondoka na virutubisho, ikiwemo mbolea ya dukani uliyoinunua kwa fedha nyingi. Mboji hushika maji na kushikilia virutubisho karibu na mizizi. Mchicha uliopandwa kwenye tuta lenye mboji hauhitaji kumwagiliwa mara nyingi kama ule uliopandwa kwenye mchanga mtupu. Kwa mtu anayenunua maji kwa dumu au kuyafuata mbali, hiyo ni nafuu anayoiona kila siku.

Tunda lina maji kiasi gani?

Tukielewa jambo hili moja, mengine yote yatakuwa rahisi. Tikiti maji ni maji kwa takribani asilimia 92. Nyanya na tango hufika asilimia 95. Kabichi na mchicha ni kama asilimia 92. Papai, chungwa, nanasi na bibo ziko kati ya asilimia 85 na 88. Embe ni kama asilimia 83.

Maana yake ni kwamba ukibeba kilo 10 za maganda ya tikiti kwenda kwenye lundo, umebeba zaidi ya lita 9 za maji. Kitu kigumu kilichomo hakifiki hata kilo moja.

Sasa, vijidudu vinavyotengeneza mboji huhitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Lundo zuri huwa na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 ya uzito wake. Likiwa kavu kuliko hapo, vijidudu hulala na takataka hukaa miezi bila kubadilika. Likiwa na maji mengi kuliko hapo, maji hujaza nafasi zote za hewa. Vijidudu vinavyohitaji hewa hufa, na vile visivyohitaji hewa huchukua nafasi yao. Hivyo ndivyo vinavyoleta harufu mbaya na ute.

Kwa hiyo matunda yenyewe hayana kosa. Shida ni kwamba yanaleta maji mengi, na hakuna kitu kikavu cha kuyanywa maji hayo wala cha kuacha nafasi ya hewa katikati.

Hesabu ya ndoo moja na kiroba kimoja

Tuchukue kilo 10 za maganda ya tikiti yaliyokatwakatwa. Hiyo ni karibu ndoo moja ya lita 20. Tukitaka mchanganyiko wenye unyevu wa asilimia 60, tunahitaji kama kilo 6 za majani makavu. Majani makavu ni mepesi, kwa hiyo kilo 6 si kidogo: ni kama kiroba kimoja kikubwa kilichoshindiliwa kwa mkono, au ndoo nne hivi.

Ndiyo sababu tunasema: ndoo moja, kiroba kimoja. Kila ndoo ya matunda au mboga zenye maji iende na kiroba kimoja cha vitu vikavu. Kwa maembe na maganda ya ndizi, ambayo maji yake ni pungufu kidogo, robo tatu ya kiroba inatosha. Wakati wa kiangazi, jua na joto la lundo hukausha maji mengi, hivyo unaweza kupunguza hadi nusu kiroba. Wakati wa masika usipunguze, bali ongeza.

Vitu vikavu vinavyopatikana kwetu ni vingi: majani ya mkorosho na ya mwembe, mabua ya mahindi, nyasi zilizokauka, maganda ya mpunga, makapi ya miwa kutoka kwa wauza juisi, na maranda ya fundi seremala. Majani ya mwembe na ya mkorosho ni magumu na yana nta, hivyo yaponde au yakanyage kwanza ili yavunjike. Vumbi la mbao litumie kidogo kwa sababu hushikamana na kuzuia hewa, tena huoza polepole sana. Makuti na makumbi ya nazi huchukua muda mrefu. Yafaa zaidi kuwekwa chini kabisa ya lundo ili hewa ipite.

Hesabu hii ina fundisho jingine. Kilo 100 za matikiti, zikishaoza na maji yakishaondoka, huacha mboji kavu ya kilo chache tu. Mboji utakayobeba kwenda shambani itatokana zaidi na majani makavu. Faida kubwa ya matunda ni kwamba yanakuokolea maji: wakati wa kiangazi, mwenye lundo la majani matupu lazima alimwagilie, lakini mwenye ndoo ya mabibo tayari ana maji yake humo humo.

Matunda peke yake hayatoshi

Mara nyingi wakulima hufundishwa kuchanganya "vibichi" na "vikavu", na wengi huhesabu kila tunda kuwa ni kibichi kama majani ya kunde au samadi. Hapa kuna tofauti. Kinachofanya lundo lipate joto haraka ni naitrojeni pamoja na kaboni kwa uwiano unaofaa, takribani sehemu moja ya naitrojeni kwa sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Samadi, mbolea ya kuku na majani mabichi ya mboga yana naitrojeni ya kutosha. Matunda yana sukari na maji mengi, lakini naitrojeni yake ni ndogo.

Ukichanganya tikiti na majani ya mwembe pekee, lundo halitanuka, lakini litachelewa sana. Kwa kila ndoo moja ya matunda na kiroba kimoja cha majani, ongeza robo ndoo ya mbolea ya kuku. Kama huna kuku, tumia nusu ndoo hadi ndoo nzima ya samadi ya mbuzi au ng'ombe. Huna mifugo kabisa? Tumia majani mabichi ya mlonge, ya kunde au ya lukina, au magugu mabichi yasiyo na mbegu.

Namna ya kulipanga lundo

Utaratibu wa kupanga tabaka za mimea na samadi kisha kuligeuza lundo una historia ndefu. Mmoja wa walioueneza duniani ni Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, aliyefanya kazi katika mji wa Indore nchini India kati ya mwaka 1924 na 1931. Alijifunza mengi kwa kuwatazama wakulima wa huko. Miaka ya 1930 baadhi ya wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki nao waliutumia utaratibu huo. Msingi wake haujabadilika hadi leo.

Kwanza, chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, na mbali na kisima, dirisha la jikoni na ukuta wa jirani.

Pili, weka chini vijiti vinene, makuti au mabua kwa kina cha kiganja kimoja. Hapo ndipo hewa itakapoingilia na maji ya ziada yatakapotokea.

Tatu, weka tabaka nene la majani makavu, kama urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo.

Nne, katakata matunda na mboga kwa panga. Vipande vya ukubwa wa kidole huoza haraka kuliko tikiti zima. Kukatakata kuna faida nyingine pia: nusu ya ganda la tikiti iliyokaa kama bakuli hukusanya maji ya mvua, na mbu huzaliana humo.

Tano, fukua kidogo katikati ya lundo, mwaga matunda humo, yachanganye na majani makavu kwa uma au jembe, kisha tia samadi. Usiyapeleke pembeni, kwa sababu joto liko katikati.

Sita, funika. Kila mara unapoweka matunda, malizia na majani makavu yenye kina cha kiganja kizima, pamoja na koleo moja au mawili ya udongo au mboji ya zamani. Tunda lisionekane wala lisinuse hewa ya nje. Hatua hii ya sita ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayozuia nzi, panya na harufu kwa pamoja.

Endelea hivyo mpaka lundo lifikie mita moja kwa upana, urefu na kimo. Likiwa dogo kuliko hapo, joto hutoroka. Ligeuze kila baada ya wiki mbili, ukihakikisha cha nje kinaingia ndani na cha ndani kinatoka nje.

Lundo lina dalili zake

Huhitaji kipimo cha dukani. Chukua konzi moja kutoka katikati ya lundo, ikamue. Likitoka tone moja au mawili kati ya vidole, unyevu uko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu na ugeuze. Ikisambaratika kama vumbi, ongeza matunda au maji.

Harufu nayo inaeleza mengi. Harufu ya pombe au siki, ambayo hutokea sana kwa mabibo, mananasi na maembe, ina maana kwamba sukari inachachuka bila hewa. Geuza lundo, tia majani makavu. Harufu ya yai bovu ina maana kwamba hewa imekwisha kabisa na maji yamezidi. Bomoa lundo lote na ulipange upya na majani mengi. Harufu kali inayochoma pua, kama ya banda la kuku lililofungwa, ina maana kwamba mbolea ya kuku imezidi na naitrojeni inapotea hewani. Ongeza majani. Lundo lenye afya hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Kwa joto, tumia kijiti kirefu kilichochongwa. Kichome mpaka katikati ya lundo, kiache kwa dakika kumi, kisha kichomoe na kukishika. Siku chache baada ya kupanga lundo, kijiti kinapaswa kuwa cha moto kiasi kwamba unakiachia. Hapo joto limefika karibu nyuzi 55 au zaidi, nalo linaua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi. Kijiti kikitoka baridi na kikavu, lundo lina kiu. Kikitoka baridi na kimelowa, lina maji mengi.

Wengi huuliza kuhusu machungwa, malimau na mananasi: je, uchachu wake hauharibu mboji? Hauharibu. Lundo lolote lenye matunda huwa chachu kidogo katika siku za mwanzo, kisha vijidudu huimaliza ile asidi, na mboji iliyoiva haiwi chachu. Maganda ya machungwa yana mafuta yanayoyafanya yachelewe kuoza, hivyo yakate vipande vidogo na usiweke ndoo kadhaa kwa mkupuo. Majivu unaweza kunyunyiza kidogo, konzi moja au mbili kwa kila tabaka. Yakizidi, hasa kwenye lundo lenye mbolea ya kuku, hufukuza naitrojeni.

Hatari ya tunda lenye funza

Hapa tunaomba usikivu wako, ndugu msomaji, hasa kama una miembe.

Kuna nzi wa aina mbili. Wa kwanza ni vile vijinzi vidogo sana vinavyoruka juu ya ndizi mbivu na juu ya lundo. Hivyo ni kero tu. Vinafuata tunda lililokwisha kuiva sana au kuoza, na ukilifunika lundo huondoka.

Wa pili ni nzi mharibifu wa matunda. Ukubwa wake unakaribia ule wa nzi wa kawaida wa nyumbani, rangi yake ni ya kahawia na njano. Jike hutoboa ganda la embe lingali mtini na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa, funza hula nyama ya embe, na embe hudondoka. Kisha funza hutoka, huingia sentimita chache ndani ya udongo na kujigeuza buu. Baada ya siku kumi au zaidi hutoka nzi mpya anayerudi mtini. Nzi wa aina hii anayetusumbua zaidi ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na muda mfupi baadaye akapatikana pia Tanzania. Madhara yake si madogo: mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi hawa.

Sasa fikiria mtu anayeokota maembe yaliyodondoka, yamejaa funza, akayamwaga juu ya lundo lililo hatua kumi kutoka kwenye miembe yake. Joto la katikati ya lundo lingewaua funza hao, lakini wao hawako katikati. Wako juu na pembeni, kwenye ubaridi, na wanaweza kutambaa mpaka kwenye udongo laini uliojaa chini ya lundo. Mkulima huyo anakuwa amewaandalia nzi mahali pazuri pa kukulia. Nzi hawana mpaka wa shamba, kwa hiyo jirani naye anaumia.

Tufanyeje basi? Okota matunda yaliyodondoka mara kwa mara, ikiwezekana kila siku au kila baada ya siku mbili, kabla funza hawajatoka. Yaliyo na funza au yenye matundu usiyapeleke moja kwa moja kwenye lundo. Yatie kwenye nailoni nyeusi nzito au pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana, funga vizuri pasiwe na upenyo, na uache juani kwa wiki moja hadi mbili. Joto litawaua funza. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni za shambani au chombo chenye mfuniko. Baada ya hapo, ule uji wa matunda unaruhusiwa kuingia kwenye lundo, kwa kanuni ile ile ya ndoo moja kwa kiroba kimoja.

Njia nyingine ni kuyafukia kwenye shimo, na udongo wa juu uwe na kina cha nusu mita au zaidi. Kuyafukia sentimita kumi tu ni kazi bure. Njia ya tatu ni kuwalisha nguruwe au kuku siku hiyo hiyo. Kuku hupenda funza, lakini hakikisha wamemaliza.

Fanya vivyo hivyo kwa nyanya zilizoshambuliwa na kanitangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Nyanya na majani yenye viwavi wake yafungwe juani kwanza.

Wenye minazi nao wana adui wa kuangalia: chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kichwa cha mnazi. Huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye malundo ya samadi na takataka yasiyoguswa. Unapogeuza lundo, ukikuta mabuu makubwa meupe yaliyojikunja, yatoe uwape kuku. Kugeuza kila wiki mbili humnyima nafasi ya kukua.

Visivyofaa kuwekwa

Usiweke nyama, samaki, mifupa, wala chakula kilichopikwa chenye mafuta, kwa sababu huita panya, na panya huita nyoka. Mimea iliyokufa kwa mnyauko wa bakteria, hasa nyanya, bilinganya na viazi mviringo, usiiweke, maana ugonjwa huo hukaa muda mrefu kwenye udongo na lundo la nyumbani halipati joto sawa kila mahali. Kokwa za maembe ziondoe, hazitaoza kwa wakati. Toa pia vipande vya nailoni na stika za matunda ya dukani. Mbegu za papai, nyanya na maboga si hatari, ila kama lundo halikupata moto zitaota kwenye tuta lako.

Masika na kiangazi

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, tengeneza lundo juu ya ardhi na ulifunike kwa makuti, majani ya migomba au turubai lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite. Bahati mbaya ni kwamba mabibo na maembe huja wakati vuli inanyesha, hivyo maji hutoka juu na ndani kwa pamoja. Wakati huo kiroba cha majani makavu kina thamani kubwa.

Wakati wa kiangazi unaweza kutumia shimo la kina cha nusu mita, linalotunza unyevu. Shimo la kiangazi usiliendeleze wakati wa mvua. Hujaa maji na kuoza vibaya.

Maji meusi yanayotoka chini ya lundo usiyamwagie miche moja kwa moja, yanaweza kuiunguza. Yarudishe juu ya majani makavu ya lundo.

Utajuaje mboji imeiva?

Kwa joto la Pwani, lundo linalogeuzwa vizuri huiva ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Huwa limepungua hadi nusu au chini ya hapo, lina rangi ya kahawia nzito, limepoa, na huwezi kutofautisha tikiti na nanasi ndani yake.

Kabla ya kuipeleka shambani, ijaribu. Tia mboji kwenye kopo, panda mbegu 20 za mchicha, na kwenye kopo jingine panda 20 kwenye udongo wa kawaida. Mbegu zikiota vizuri kwenye yote mawili, mboji iko tayari. Zikigoma kwenye mboji au miche ikawa ya njano, iache wiki tatu nyingine. Mboji isiyoiva huchukua naitrojeni ya mimea badala ya kuipa.

Anza na majani

Wanaoshindwa kutengeneza mboji ya matunda mara nyingi wamekosa majani makavu siku ile matunda yalipofika. Na majani hayo tulikuwa nayo. Kila asubuhi tunafagia uwanja chini ya mwembe na mkorosho, tunakusanya, tunawasha moto. Miezi michache baadaye mabibo yanamwagika na hatuna cha kuyafunikia.

Kuanzia wiki hii, jaza viroba. Viweke chini ya paa au vifunike visilowe. Viroba kumi vya majani makavu vinatosha ndoo kumi za matunda, na hilo ni lundo zuri la kuanzia kwa kaya moja. Mwenye genge jirani yako mwombe akuwekee maganda kwenye ndoo yenye mfuniko, uyachukue kila jioni kabla hayajaanza kuoza. Na kama unaona dalili za nzi wa maembe au mnyauko usioujua, mpelekee afisa ugani wa kata yako tunda au tawi hilo alione kabla hujaamua kuliweka kwenye lundo.